Mwanzi Uliobaki Karakanani

Ukifika Mitwero, nje kidogo ya Lindi mjini, uliza kwa Fundi Pazi wa vyuma. Usiseme Pazi peke yake, maana Mapazi wako watatu, na mmoja anauza mkaa, huyo ukimpata hakuachii mpaka umenunua. Sema Pazi wa vyuma. Utaonyeshwa banda la mabati lenye mlango wa bluu, na ndani utamkuta mtu mwembamba wa miaka hamsini na nane, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea nyavu, anaongea na chuma. Anaongea nacho kweli. "Tulia," anakiambia. "Tulia, sikuumizi."

Kazi yake ni kuwapimia watu fimbo za gofu.

Najua wengine wenu gofu mmeiona kwenye televisheni tu, basi nitaeleza kidogo. Fimbo ile ina mpini mrefu na kichwa cha chuma chini, na wenyewe huiita chuma: chuma tano, chuma saba, chuma tisa. Mchezaji anaposimama kuupiga mpira, tumbo la kichwa kile linatakiwa liguse ardhi sawasawa, lisiinuke huku wala kule. Sasa watu hatulingani. Mrefu mikono yake iko juu, kwa hiyo chuma kinachimba kwa ncha na kisigino kinaning'inia. Mfupi ni kinyume chake, kisigino ndicho kinachochimba. Mpira nao unakwenda unakotaka wenyewe. Hapo ndipo Pazi anaingia. Anakikaza kichwa kwenye vaisi, jiliwa ya mezani, anaishika shingo, pale kichwa kinapoungana na mpini, kwa pao refu la chuma lenye mdomo, anaikunja digrii moja, mbili, tatu, mpaka chuma kimfuate mwenyewe. Pembe hiyo anaiita ulalo. "Lete nikuangalizie ulalo wako," anasema, na watu wa Mitwero wakilisikia neno hilo hugeuza nyuso pembeni.

Wana sababu. Pazi ana kazi ya pili, ambayo hakuichagua.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa Dar es Salaam, alianza kwa kubeba mifuko ya wachezaji, yaani kedi, akaishia kwenye karakana ya klabu. Alirudi nyumbani baba yake, mzee Twalib, alipofariki, kwa sababu nyumba ya Twalib ndiyo inayopima maiti wa mtaa ule, na mpimaji hakuwepo tena. Mtu akifariki, Pazi hukata mwanzi mbichi kwenye kichaka nyuma ya nyumba yake, huulaza kando ya marehemu, hukata usawa wa utosi, huupeleka kwa wachimbaji. Wao huchimba kwa kuufuata. Marehemu akishalazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla, mwanzi ule nao hulazwa pembeni yake, kisha udongo. Kipimo cha maiti hakirudi nyumbani. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ndivyo ilivyo, na utaombwa usogeze ndoo ya maji.

Walio hai nao Pazi alikuwa akiwapima kwa mwanzi wa kichaka kilekile. Futi za dukani hazimridhishi, anasema zinavutika zikizeeka. Alikusimamisha peku, akakata usawa wa utosi, kisha akapiga chale moja ndogo ya kisu pale kifundo cha mkono wako kilipofikia, maana kutoka kifundo hadi chini ndiko ulalo unakopatikana. Mwanzi wa aliye hai una chale. Wa maiti hauna, maana maiti hachezi gofu. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti, na ilimtosha miaka yote.

"Mume wangu akikutazama kuanzia utosini mpaka kisiginoni," mkewe Kazija hupenda kuwaambia wageni, "usichangamke. Hujui anakupimia kipi."

Wachezaji wenyewe si wengi. Kuna shamba la mkonge la zamani, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki, lililoachwa likiwa na uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Kuzunguka mashimo hakuna majani laini, kuna mchanga uliomwagiwa oili chafu ili upepo usiupeperushe. Wanakuja wahandisi wa barabara, madaktari wawili watatu, mameneja wa benki. Na makedi, ambao mameneja wakishaondoka hucheza vizuri kuliko wao.

Mkubwa wa makedi alikuwa Ibrahimu, Mmwera wa Rutamba aliyeoa Mitwero. Mfupi, kifua kama pipa, sauti ya kuitia watu wa ng'ambo. Alikuwa na chuma kimoja tu maishani mwake, chuma saba, alichoachiwa na mhandisi mmoja mrefu kama nguzo ya umeme. Kwa Ibrahimu chuma kile kilikuwa kimesimama mno, kisigino chake kimelika mpaka kinang'aa. Ikambidi kila akipiga ainame, akunje magoti, abane viwiko, na bado mpira ulikwenda alikouagiza. Alikuwa na mazoea yake. Aligonga chini mara mbili kwa chuma, akakohoa, hm-hm, akauambia mpira: "Nenda, usikae."

Kila Jumamosi alipita karakanani na kusimama mlangoni.

"Fundi wa warefu! Lini utanipimia na mimi?"

"Jumamosi ijayo, Ibra."

"Jumamosi yako hiyo haina tarehe. Au unaogopa mwanzi utabaki mwingi?"

"Wewe sikupimii kwa mwanzi. Kwa kijiti cha kiberiti."

Wakacheka, wakaagana. Mambo yakaenda hivyo miaka kumi na moja. Pazi hakuwa na nia mbaya. Kila Jumamosi kulikuwa na meneja anayesubiri, na Ibrahimu alikuwa rafiki, na rafiki huambiwa kesho.

Basi mwezi wa sita mwaka juzi, Jumanne, Ibrahimu alirudi kutoka kwenye mikorosho yake, akamwambia mkewe Mboni kwamba kifua kinambana, akakaa barazani avue viatu. Alivua kimoja.

Pazi alikwenda kumpima. Aliyeyasimulia mambo haya mtaani ni yeye mwenyewe. Aliulaza mwanzi kando ya kitanda. Ulikuwa mfupi, na yeye akakumbuka kijiti cha kiberiti, macho yakamjaa maji. Akakata usawa wa utosi. Kisha mkono wake, ambao umefanya kazi ileile miaka mingi, ukashuka wenyewe mpaka kwenye kifundo cha mkono wa Ibrahimu, ukapiga chale.

Hakujua kwamba amepiga. Alikuwa akilia.

Akiwa njiani kwenda makaburini alipita karakanani kuchukua jembe na kofia. Akauegemeza mwanzi kwenye kona, akatia udhu, akachukua mwanzi, akaondoka.

Na kwenye kona ile, tangu Jumapili, kulikuwa na mwanzi mwingine. Ulikuwa wa Warda, bintiye wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi Rutamba. Warda ni mrefu, amewafuata wajomba zake. Alikuwa amechaguliwa kwenda Dar kwenye mashindano ya wanawake wa mikoani, na baba yake alikuwa amempima Jumapili kabla hajarudi Rutamba kufunga shule.

Kule makaburini aliyeshika jembe alikuwa Majid, kijana wa mtaani mwenye mdomo mwepesi.

"Fundi," alisema, kiuno chake kiko ndani ya shimo, "Mzee Ibrahimu alikuwa mrefu hivi?"

"Chimba, Majid."

"Nachimba. Nasema tu kwamba humu hata mimi naenea, na nafasi ya kujinyoosha inabaki."

Watu wakacheka kwa pua, kama wanavyocheka makaburini. Ibrahimu akalazwa, mwanzi ukalazwa, udongo ukarudi.

Jumatano na Alhamisi Pazi alishinda karakanani. Alikuwa anaomboleza kwa mikono, kama wanaume wengi wafanyavyo. Alichukua seti ya Warda, vyuma saba, akauchukua na mwanzi wenye chale uliokuwa konani, akavilaza vyote digrii tatu chini. Aliona ni nyingi. "Mtoto ana mikono mirefu kama ngazi," akajisemea, akaendelea.

Warda alifika Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi, jua limeshaanza kuuma, baba alitandika ubao wake mweusi uwanjani nyuma ya banda na kubandika utepe mweupe chini ya chuma saba. Huo ndio mtihani wa mwisho. Mchezaji hupiga mpira juu ya ubao, ubao huacha doa kwenye utepe. Doa likiwa nchani, chuma kimelala mno. Likiwa kisiginoni, kimesimama mno. Likiwa katikati, mfungie mwenyewe aondoke.

"Haya, mwanangu. Polepole."

Warda alisimama. Akagonga ubao mara mbili. Akakohoa, hm-hm.

"Nenda, usikae," akasema, akapiga.

Mpira ulipita juu ya mikorosho ukiwa umenyooka kama uzi. Pazi aligeuza chuma. Doa lilikuwa katikati kabisa, mviringo kama sarafu.

"Umesema nini hapo?"

"Lini, Baba?"

"Kabla hujapiga. Umeuambia nini mpira?"

"Nimeuambia mpira? Baba, kwani mimi ni wewe?" Akacheka, akachukua chuma sita.

Akagonga mara mbili. Akakohoa. Pazi hakuisikia sauti safari hii, aliona midomo tu. Doa katikati. Chuma tano, katikati. Vyote saba vilikuwa katikati, na miaka ishirini na miwili ya Dar haikuwahi kumwonyesha seti iliyokubali yote mara ya kwanza. Kilichomtia baridi zaidi ni jinsi Warda alivyosimama. Msichana yule huwa wima kama mlingoti. Sasa alikuwa ameinama, magoti yamekunjwa, viwiko vimebanwa mbavuni.

"Ingia ndani," akasema. "Simama konani, peku."

Akauchukua mwanzi, akausimamisha kando yake. Ulimfikia kwenye ndewe ya sikio.

Pazi anasema alisikia harufu ya udongo mbichi, mle bandani, mchana kweupe, mahali panaponuka grisi mwaka mzima. Akamkumbuka Majid ndani ya shimo. Humu hata mimi naenea. Akaelewa mwanzi upi umelala na Ibrahimu, na upi ameushika.

"Vipi, Baba?"

"Hakuna kitu. Vyuma vimekubali. Kacheze."

Alijiambia kwamba mwanzi ni mwanzi, na kwamba Warda amemwona Ibrahimu akicheza tangu utotoni, ameiga bila kujua. Maneno hayo yalimtosha mpaka Jumapili jioni.

Kwenye mlango wa jikoni kwa Kazija kuna alama za penseli. Kila mwaka, tangu Warda aanze kutembea, mama yake alimsimamisha pale na kuchora. Ya juu kabisa iliandikwa alipotimiza miaka kumi na nane, na hakuongezeka tena. Jumapili hiyo Warda alikuwa ameegemea mlango anakula muhogo wa kuchoma, na Pazi aliona alama ile. Ilikuwa juu ya kichwa chake. Kidole kimoja hivi cha mti mtupu kati ya nywele na penseli.

"Simama wima, mwanangu."

"Nimesimama."

"Mgongo."

"Umenyooka, Baba. Mbona unanitazama kama unataka kuninunua?"

Jumatatu vilikuwa vidole viwili. Gauni la Warda lilianza kuokota vumbi kwenye pindo, akalipandisha kwa pini, akasema kitambaa kimelegea. Jumatatu hiyohiyo, mchana, saa ile ya joto ambayo hata kuku hujificha, Pazi alipita kwenye dirisha la chumba chake akamwona amelala. Warda tangu mtoto hulala kama nguo iliyotupwa, mguu huku, mkono kule. Sasa alikuwa amelala kwa ubavu wa kulia, amenyooka, mikono imeshuka mapajani, uso kwenye ukuta wa kibla. Hakuonekana kuvuta pumzi. Pazi alisimama dirishani mpaka shuka ilipopanda kidogo, ikashuka, naye ndipo akaondoka.

Na kule uwanjani msichana alikuwa anacheza gofu ambayo haijaonekana katika mkonge ule. Makedi walimfuata shimo kwa shimo. Mmoja aliacha mfuko wake chini akaenda zake nyumbani, akasema hataki kubeba wakati mzee anacheza.

Jumatano Pazi alichukua mwanzi kwa siri, akausogeza nyuma ya Warda alipokuwa anafua. Ulimfikia kwenye nyusi. Siku nne tangu sikioni. Alipiga hesabu kwa vidole: ikienda hivi, kabla ya safari ya Dar atakuwa amelingana nao. Na akilingana nao, je? Mpimaji wa maiti alijua kinachofuata mtu akishalingana na mwanzi wake. Alikuwa ameupeleka mwenyewe kwa wachimbaji mara zisizohesabika.

Ijumaa baada ya sala Warda alimfuata karakanani, akafunga mlango wa bluu, akakaa juu ya ndoo.

"Baba. Unanificha nini?"

"Nikufiche nini mimi?"

"Mama anasema huli. Unanifuata na mti nyuma ya mgongo, unadhani kivuli chako hakionekani. Na mimi mwenyewe..." Akanyoosha miguu, akaitazama. "Kitanda kimekuwa kirefu. Nimeogopa kusema, utaniona mjinga."

Basi akamweleza. Chale, kona, Majid, yote. Hakujitetea. Warda alisikiliza ameshika magoti.

"Kwa hiyo mwanzi wangu uko kule."

"Uko kule."

"Hauwezi kutolewa?"

"Kaburi halifukuliwi kwa ajili ya mti, mwanangu. Nimemuuliza sheikh, nimezunguka kwa mbali. Amesema nisali, niache mawazo. Nimesali."

Warda akauliza swali ambalo Pazi, na ufundi wake wote, hakuwa amejiuliza.

"Mzee Ibrahimu alikuwa anataka nini?"

"Anataka nini tena, mtu amekufa."

"Alipokuwa hai. Alikuwa anasimama pale mlangoni kila Jumamosi. Anataka nini?"

Pazi aliutazama mlango.

"Chuma kimoja," akasema. "Nimlazie chuma kimoja tu."

"Umempimia vyuma saba. Vyangu." Akainuka kwenye ndoo. Pazi aliona jinsi alivyokuwa mfupi. "Mpimie chake, Baba."

Jumamosi asubuhi Pazi alikwenda kwa Mboni. Mjane alikuwa amekaa eda, hatoki wala haonani na wanaume, kwa hiyo alimwekea kiti ukumbini na yeye akabaki chumbani, pazia la mlango katikati yao. Pazia la maua mekundu. Hakukuwa na upepo, nalo lilitulia kama ukuta.

"Shemeji Mboni, hali yako."

"Alhamdulillahi. Karibu, shemeji."

Pazi alimwambia kosa lake, akiongea na maua.

"Unajua," sauti ilisema, "Ijumaa usiku nilikuwa namfulia suruali. Kila Ijumaa. Anasema, nifulie ile nzuri, kesho Pazi ananipima. Miaka yote hiyo, shemeji. Nikamwambia, huyo hakupimi. Akaniambia, atanipima, yule ana kazi nyingi tu."

Pazi alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Sasa umempima?"

"Nimempima."

"Na chale umempiga?"

"Nimempiga. Bila kujua."

"Basi maliza kazi ya watu."

Pazia likafunguka chini, na mpini wa fimbo ukatoka polepole, ukifuatiwa na mkono uliofunikwa kanga mpaka vidoleni. Pazi aliupokea. Raba ya mpini ilikuwa na unyevu, kama imeachiwa sasa hivi na mtu mwenye jasho. Anasema labda ni joto la mle chumbani. Anasema labda.

Aliirudisha karakanani, akaikaza kwenye vaisi. Warda alikaa kwenye ndoo yake, mgongo umejikunja. Mwanzi wa Ibrahimu aliusimamisha mezani, mara ya kwanza kwa jina lake. Kutoka chale hadi chini akasoma, akatazama jedwali lake ukutani, akasoma tena. Digrii nne. Chuma chakavu cha mwaka gani sijui, shingo yake ina kutu, na digrii nne. Vyuma vya namna hiyo vikikataa havipindi, vinakatika, na vikishakatika hapo hapana kuunga.

"Kikikatika?" Warda aliuliza.

"Usiseme."

Akaishika shingo kwa pao. "Tulia," akakiambia. "Tulia, Ibra, sikuumizi." Akavuta. Digrii moja. Akapima. Akavuta tena, chuma kikalia, mlio mwembamba wa mlango wa nyumba isiyo na watu. Mbili. Ya tatu ililia kwa muda mrefu, na Warda akajishika shingo yake kwa mikono miwili. Pazi akaacha. Akafuta jasho. Akachukua mafuta akapaka, akasubiri kama mtu anayesubiri mgonjwa apumue, akavuta ya nne kwa pumzi moja ndefu, na chuma hakikulia kabisa. Kilikwenda chenyewe.

Alikitoa, akakisimamisha sakafuni. Tumbo la chuma liliilalia saruji sawasawa. Hata karatasi isingepita.

Hakusubiri. Alichukua mwanzi na jembe, akaenda makaburini akiwa peke yake, jua likiwa utosini na kivuli chake kikiwa chini ya nyayo. Kaburi la Ibrahimu lilikuwa limetitia upande wa miguuni, udongo umeingia chini, hapo tu, mahali ambapo mwili haukufika. Aliulaza mwanzi juu ya kaburi kutoka kichwani. Uliishia pale shimo lilipoanzia. Akachimba kwa mkono mfereji mwembamba kutoka kichwani mpaka kwenye ule mtitio, akaulaza mwanzi humo, akaufukia, akaongeza udongo mpaka pakawa sawa.

"Jumamosi imefika, Ibra," akasema. "Nisamehe kwa kuchelewa."

Aliporudi, Warda alikuwa ameshasimama juu ya ubao na chuma saba chake, kile cha digrii tatu, utepe mpya umebandikwa. Kazija alikuwa mlangoni mwa jikoni, mkono mdomoni.

"Nipige?"

"Piga."

Warda alisimama. Hakugonga. Hakukohoa. Akapiga, na mpira ukapinda kulia ukaingia kwenye banda la kuku la jirani, kuku wakapiga kelele, jirani naye akapiga kelele zaidi.

"Nimekosea, Baba."

Pazi alikigeuza chuma. Doa lilikuwa nchani, pembeni kabisa, limevuka hata utepe. Akakaa chini pale vumbini, akalitazama doa lile baya kuliko madoa yote aliyowahi kuyaona, akacheka mpaka miwani ikadondoka.

"Umekosea," alisema. "Umekosea, mwanangu. Kazija, mtoto amekosea!"

Wakamsimamisha mlangoni. Hakufika kwenye penseli siku ile, kilibaki kidole kimoja. Jumapili usiku kilibaki chembamba kama unyasi. Jumatatu asubuhi, begi liko mlangoni, nywele zake ziligusa alama.

Pazi alikuwa ameshavisimamisha upya vyuma vyote vya Warda. Kipimo alichukua kwa futi ya kitambaa ya mshona nguo wa jirani, na hadi leo walio hai anawapima kwa futi hiyo. Mwanzi ameuachia kazi yake moja.

Chuma saba cha Ibrahimu kipo kwa Mboni. Alikipokea kwa mkono uleule uliofunikwa, chini ya pazia lilelile. Amekisimamisha kwenye kona ya ukumbi, na anaposafisha hufagia kuzunguka pale.

Huko Dar, Warda alikuwa wa tisa. Alipiga simu jioni ya mwisho, baba akaweka sauti kubwa ili mama asikie.

"Mashimo yote nilikuwa nahangaika, Baba. Lile la mwisho ndilo nililolipiga vizuri. Watu wamepiga makofi."

"Ulifanyaje?"

"Nikagonga chini mara mbili." Akacheka. "Kwa makusudi, usiogope. Nilimkumbuka tu mzee."

"Kwa makusudi?" Pazi aliuliza.

Kwa nyuma zilisikika sauti za wanawake wakipanga viti.

"Nadhani," alisema Warda.